Nguvu Iko Kwenye Mchuzi

Mimi sili samaki. Kwa mtu anayeishi Ifakara, kusema hivyo ni kujitafutia ugomvi. Nyama nayo sili, hata ya kuku. Si dini, si mwiko wa ukoo, wala si maringo kama wifi zangu walivyopenda kusema. Tangu nikiwa mdogo, huko kwetu milimani Mahenge, tumbo langu lilikataa tu, na mama yangu alipochoka kunichapa akaniachia maharage yangu. Nimekulia maharage, kunde, mbaazi na karanga, na mwili ninao. Anayebisha aje anione.

Mungu ana utani wake, akanipa mume Mndamba, mtoto wa mvuvi wa Malinyi. Siku ya kwanza nilipopelekwa ukweni nilitengewa kambale, kichwa na masharubu yake nje ya sahani, na wanawake wote wa nyumba ile wamekaa wananisubiri nisifie. Nilikula wali mkavu mpaka nikamaliza. Mama mkwe alimtazama mwanawe kwa huruma kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa.

Tulihamia Ifakara mjini, mimi nikaweka cherehani yangu barazani, mume akapata kazi kwenye miwa upande wa Kidatu, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa bonge. Kwa miezi sita alinyonya tu, na kadi yake ya kliniki ilipendeza, mstari unapanda ndani ya kijani bila kuyumba. Mama mkwe alipokuja kumwona alimbeba akasema, "Huyu mume wangu atanivunja kiuno," maana kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake. Tukacheka. Siku zile tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Miezi sita ilipotimia, kliniki wakaniambia nimwanzishie chakula. Mama mkwe akapiga simu. "Aanze na supu ya samaki, ilainishe utumbo." Akatuma kambale mkavu kwenye basi. Nilimchemsha huku nimejifunga kanga puani, nikampa mtoto vijiko viwili. Vijiko viwili tu! Midomo ikavimba, macho yakafumba, ngozi ikatoka mabaka mpaka mgongoni. Nilipanda bodaboda bila viatu. Hospitalini walimchoma sindano, uvimbe ukapungua, na daktari, kijana mmoja mpole, akasema mtoto ana mzio wa samaki. Tusimpe tena, na mayai nayo tuyaweke kando mpaka wamwangalie vizuri.

Kumweleza mama mkwe ilikuwa kazi nyingine.

"Mzio ndiyo nini?"

"Mwili unakataa chakula, mama."

"Sisi tuna mwiko, hatuna mzio. Mndamba gani anakataliwa na samaki? Hilo umelitoa kwenu Mahenge."

Nilikata simu. Nikaapa hapo hapo kwamba mtoto wangu atakula ninavyokula mimi, na atanenepa, na watakuja kuniuliza siri. Siku ya kurudi hospitali nikamwuliza yule daktari kama mtoto anaweza kukua bila samaki wala nyama. Akanijibu, "Inawezekana, mama, ila inataka kazi." Mimi nikasikia neno la kwanza tu. Yaliyobaki yalipita.

Nikajitosa kwenye unga wa lishe. Kila mama mjini ana mchanganyiko wake, na kila unapopita kwa mwingine kuna kitu kimeongezeka, kwa imani kwamba vikizidi vitu zinazidi nguvu. Mimi niliweka tisa: mahindi, mchele, ulezi, uwele, mtama, ngano, karanga, choroko na soya. Nikaosha, nikaanika, nikapeleka mashine. Soya sikuichemsha wala kuikaanga, nani aliniambia? Mtoto akaharisha wiki nzima. Jirani akasema ni meno. Nikakubali upesi, kwa sababu meno hayamlaumu mtu.

Kuharisha kulipokata nikajua, au nikajifanya najua, kwamba uji mzito ndio uliomshinda. Nikaufanya mwepesi. Nikaufanya mwepesi kiasi cha kupita kwenye chuchu ya chupa, na chuchu yenyewe nikaitoboa zaidi kwa sindano ya cherehani ili mtoto asihangaike kuvuta. Mchana zamu ya maharage. Sasa, sisi tumelelewa hivi: nguvu iko kwenye mchuzi. Mgonjwa anapewa mchuzi, mzazi anapewa mchuzi, mzee asiye na meno anapewa mchuzi, na anayetaka kukufanyia ubahili anakupimia mchuzi. Kwa hiyo nilichemsha maharage yakaiva vizuri, nikamimina ule mchuzi mwekundu, nikauchuja usiwe na hata ganda moja, nikampa. Alikunywa kikombe kizima, tumbo likawa gumu kama ngoma, akalala. Mimi nikakaa kwenye cherehani na sahani ya maharage pembeni, nikashona na kula. "Kashiba baba yangu," nilikuwa nasema. Ilikuwa hivyo kila siku.

Nilimshonea kaptula tano za mabaki ya vitambaa vya wateja. Mwezi wa kwanza zilikuwa zinambana. Baadaye zikaanza kuteleza, nikaingiza lastiki upya. Zikateleza tena, nikaingiza tena, na nikaenda dukani kumgombeza muuzaji kwamba lastiki zake siku hizi ni feki. Mtu anayepima viuno vya watu kwa riziki yake, nikamgombeza muuza lastiki!

Kliniki muuguzi akauliza, "Unampa nini, mama?" Nikajibu, "Uji wa lishe na maharage, sista." Akaandika, akaita mwingine, foleni ilikuwa ndefu. Sikudanganya. Mwezi ule mstari ulilala. Uliofuata ukashuka. Mtoto alipotimiza miezi tisa nukta yake iliwekwa kwenye kijivu, chini ya kijani, nami nikaikunja kadi, nikaiweka chini ya kanga nisiulizwe njiani.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja kutibiwa goti. Nikampokea mzigo kwenye bajaji, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanyoosha mikono kumchukua mjukuu wake. Akamwinua, akamshusha, akamwinua tena, kama mtu anayekisia debe. Halafu akamgeuza, akatazama ngozi ya makalio iliyolegea.

"Mume wangu amekwenda wapi?" aliuliza. Halafu, bila kunitazama: "Huyu kabemendwa."

Kama hujaishi huku labda neno hilo halitakuchoma. Mtoto anayenyonya akikonda, watu husema wazazi wamembemenda. Yaani wamekutana kabla ya wakati, au mbaya zaidi, mmoja wao ametoka nje ya ndoa na kuja kumshika mtoto na uchafu wake. Mume akiwa mbali, hakuna anayejisumbua kuuliza ni nani. Ni mwanamke. Nilikuwa nimeshika mzigo wake, mchele na ndizi, nikauachia chini puu, ndizi zikachubuka.

"Mama, mimi sijambemenda mtu."

"Sijasema wewe."

"Umesema nani?"

Akaingia ndani na mtoto.

Mume alipokuja mwisho wa mwezi tukakaa kikao, watu watatu na mtoto mapajani. Mama mkwe alisema polepole, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi. Alisema hataki kujua nani alikosea, hayo yatabaki kwetu. Yeye anamtaka mtoto. Ampeleke Malinyi, aachishwe ziwa, apewe dawa ya kienyeji anayoifahamu, alelewe huko mpaka atembee. Nikasema mtoto wangu haondoki. Mume alikuwa anaangalia sakafu. Mwisho akasema, "Tusubiri mzani wa mwezi ujao. Kama hajapanda, mama amchukue." Akaniangalia, akaongeza, "Tumekubaliana?" Kama kwamba nilikuwa na la kusema.

Kesho yake asubuhi nikamsindikiza stendi. Kabla hajapanda basi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli hakuna kitu?"

"Na huko Kidatu," nikamwuliza, "hakuna kitu?"

Alipanda basi bila kuaga. Nililia njia nzima ya kurudi na sikujali nani ananiona. Nilikuwa na wiki nne.

Siku chache baadaye palikuwa na siku ya mapishi kliniki. Walitutangazia kila mama aje na chakula anachompa mtoto, kama kilivyo, asipike cha maonyesho. Mimi nilipika cha kila siku kwa fahari zote, nikaweka uji kwenye chupa na maharage kwenye hotpoti, nikakaa benchi la mbele. Aliyetufundisha alikuwa muuguzi mtu mzima, mnene, karibu na kustaafu, mwenye sauti ya kuuza samaki mnadani. Akachukua chupa yangu, akafungua, akachota kijiko, akakiinamisha. Uji ukamwagika wote.

"Huu ni uji au maji ya kunawa?"

Kina mama wakacheka. Nikasema uji una vitu tisa. "Vitu tisa na maji ndoo," alisema. "Uji wa mtoto ukiinamisha kijiko ukae kidogo kabla ya kudondoka. Tumbo lake ni sawa na ngumi yake. Ukilijaza maji, chakula utakiweka wapi?" Halafu akafungua hotpoti. "Na hii?"

"Maharage, sista."

Akatumbukiza kijiko, akazungusha, akatafuta. Alichungulia mpaka chini. "Maharage yako wapi?"

"Si hayo?"

"Huu ni mchuzi. Mimi nauliza maharage. Maharage yenyewe kala nani?"

Naliona benchi lile mpaka leo, limepakwa rangi ya bluu, limepasuka pembeni. "Nimekula mimi," nilisema.

Hakuna aliyecheka. Yule muuguzi akaziba hotpoti taratibu, akageuka kwa wengine. "Fungueni na ninyi." Wakafungua. Mchuzi wa samaki, hakuna samaki. Mchuzi wa dagaa, hakuna dagaa. Maji ya mchicha ya kijani kama rangi ya shule, hakuna mchicha. Kulikuwa na kina mama kumi na kitu pale na sote tulikuwa tunawanywesha watoto maji, vyakula tunakula sisi. Hakutukana mtu. Alisema tu, "Haya, mchuzi mzuri mnao. Sasa rudisheni chakula ndani yake."

Alitufundisha siku ile kwa mikono, si kwa karatasi. Maharage yalowekwe tangu jioni, maji yamwagwe, yachemshwe mpaka yabonyezeke kwa vidole viwili. Wakati bado ya moto yamenywe, ganda linatoka lenyewe, kisha yapondwe kwa mwiko na kuchanganywa na mchuzi wake kiasi cha kushika kijiko. Choroko na kunde hivyo hivyo. Soya ichemshwe, ianikwe, ikaangwe, ndipo iende mashine. Unga usiwe na vitu tisa. Nafaka moja au mbili, na jamii ya maharage moja, inatosha. Karanga zikaangwe zitwangwe laini kabisa, mtoto asipewe nzima hata siku moja. Mafuta ya alizeti kijiko kwenye bakuli, na ndimu au chungwa au papai pembeni, ili mwili ushike madini ya kuongeza damu yaliyo kwenye maharage. Nilipomweleza habari ya samaki akaniambia basi wewe ndiye wa kufanya kazi mara mbili ya wenzako. Sikubisha. Nilikuwa nimeishiwa ubishi.

Nikarudi nyumbani na nguvu mpya, nikamsimulia mama mkwe yote ya siku ile, nikaloweka choroko. Kesho yake nikapika na chenga za mchele, mchele wetu wa bondeni unaonukia, nikatia tui la nazi, nikaponda mpaka ikawa laini. Nikakaa chini na bakuli na kijiko. Mtoto akaonja, akanitazama kama nimemtukana, akatema. Nikajaribu tena, akatema. Kijiko cha tatu akakipiga kikaruka mpaka kwenye kitambaa cha bibi harusi wa watu. Alizoea kuvuta, hakujua kutafuna wala kusukuma chakula kwa ulimi, na mimi ndiye niliyemzoesha.

Siku ya pili ikawa hivyo. Ya tatu ikawa hivyo. Alikuwa ananyonya tu, na nikimvalisha kaptula nageuza uso. Mama mkwe alikaa mlangoni na goti lake lililofungwa bendeji, anatazama.

"Utamjaza gesi. Maharage ni chakula cha watu wazima."

"Mimi nilikula, mama."

"Ndiyo maana uko hivyo."

Mchana ule nikatoka kupeleka nguo ya mteja. Niliporudi nikamkuta mtoto amelala na tumbo limejaa, na chupa imefichwa nyuma ya mtungi wa maji, bado ina uji mwepesi chini. Ile ngoma ya tumbo naijua. Ndipo nikafanya jambo ambalo kwetu mke hamfanyii mama wa mume wake. Nilipaza sauti. Nikasema, "Mama, unataka afe ili usiitwe mwongo?" Nikachukua mkasi wangu wa kitambaa, ule mkubwa ambao simwazimi mtu, nikaikata ile chuchu vipande vipande mbele yake. Vilianguka sakafuni, vidogo kama mende.

Aliniangalia. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha kuliko kama angenipiga. Akasema, "Sawa." Akaingia chumbani, akapanga nguo zake kwenye mfuko, akaufunga, akauweka mlangoni. Lakini hakuondoka. "Nasubiri mzani," alisema. Kwa siku mbili tulisalimiana tu. Jioni ya pili nikaenda kupiga magoti nimwombe radhi kwa yale maneno. Akasema yamekwisha, ila mfuko ulibaki mlangoni.

Siku iliyofuata mtoto alishinda njaa, na njaa ni mwalimu. Nilimpa zile choroko zikiwa za uvuguvugu. Akashika kijiko kwa mkono, akakiingiza mwenyewe, nusu ikaishia shingoni. Nusu iliyobaki akameza. Nikampa kingine. Alipomaliza vijiko vinne nilikuwa natokwa jasho kama mtu aliyetoka kulima.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa jikoni. Asubuhi uji wa mchele na soya iliyokaangwa, mzito. Saa nne papai. Mchana maharage yaliyomenywa na kiazi kitamu cha njano. Jioni wali laini na kunde, au mbaazi za nazi. Matembele niliyachambua vijiti, nikayachemsha kidogo, nikayakata mpaka yakawa uji, nikachanganya humo humo kwenye bakuli. Mbegu za maboga nilizitwanga na ufuta. Karanga niliziogopa kwa sababu ya yale ya samaki, na yule muuguzi alikuwa ameniambia nianzie karibu na hospitali, kwa hiyo siku ya kwanza nilikwenda kukaa kwenye benchi la kliniki na bakuli, nikamgusisha kwenye ncha ya kijiko, nikakaa nimemkodolea midomo mpaka mama mmoja akaniuliza kama nasoma. Haikuvimba. Nikaendelea kidogo kidogo. Kumenya maharage kunaozesha kucha. Wateja walianza kulalamika nguo zao hazijaisha, nami nikawa nawajibu vibaya. Mmoja alihamia kwa fundi mwingine. Aende!

Mama mkwe aliangalia yote hayo bila kusaidia na bila kuzuia. Kuna siku nilimkuta amechukua harage moja lililomenywa, anabonyeza katikati ya vidole, anabonyeza tena. Aliponiona akalitia mdomoni.

Siku ya mzani alivaa gauni lake la kwenda kanisani, tukapanda bajaji pamoja. Kwenye foleni mikono yangu ilikuwa imelowa hata kadi ikajikunja. Zamu yetu ilipofika nikamvua mtoto kaptula, nikamning'iniza kwenye ule mfuko wa mzani, akalia kwa hasira, na kilio chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko cha mwezi uliopita. Mshale ukatikisika. Yule muuguzi mnene akasubiri utulie, akasoma, akaandika nukta, akaunganisha na ile ya nyuma. Akanigeuzia kadi. Mtoto alikuwa bado kwenye kijivu, ila mstari umepanda, umeinuka wazi, unaelekea kwenye kijani.

"Huyu anakula," alisema muuguzi. "Endelea hivyo hivyo, mama."

Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akanisukuma. Nilitaka kumbusu yule muuguzi. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Mama mkwe alichukua kadi, akaishika mbali na macho kama wanavyofanya wasioona karibu, akaufuata ule mstari kwa kidole, unaposhuka, unapopanda. Akanirudishia.

Furaha ingeniacha hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini mimi nina kinyongo, sijawahi kukificha. Njia nzima kwenye bajaji nilikuwa napanga maneno. Tulipofika nyumbani, kabla hata hajakaa, nikasimama mbele yake na mtoto mkononi.

"Haya, mama. Sasa nieleze. Nani alimbemenda?"

Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani. Akanyoosha goti lake. Nilikuwa tayari kusema la pili, nililokuwa nimelinoa zaidi.

"Na hao wa samaki, siku ile ya mapishi," aliuliza, "nao waliambiwa hivyo hivyo? Kwamba samaki mwenyewe awekwe?"

"Ndiyo. Apondwe, atolewe miiba, awekwe."

"Si mchuzi."

"Si mchuzi peke yake, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Kabla ya mumeo nilizaa wawili," alisema. "Hajui. Wa kwanza aliishi mwaka mmoja, wa pili mwaka na kidogo. Niliwapa mchuzi, mzuri, mweupe. Samaki nilikula mimi ili maziwa yaje. Wakakonda, wakakonda. Mama mkwe wangu akasema nimewabemenda. Mume wangu alikuwa mtoni kila wakati, na mimi nilikuwa msichana. Nikajiuliza labda niliota vibaya, labda nilimtazama mtu. Nikakubali."

Mtoto alinivuta sikio. Nikamwachia avute.

"Wakati wa mumeo niliogopa. Nikamwachia bibi yake amlishe, yeye alimtafunia samaki, akampa kwa kidole. Akapona. Basi nikajua kweli kosa lilikuwa langu." Alikuwa anasema kwa sauti ile ile ya kikao, polepole, kwa adabu. "Kila Kwaresima naenda kwa padri naungama kwamba niliua watoto wangu kwa uzinzi. Uzinzi ambao siukumbuki. Mwaka huu nimeshaungama."

Akaninyooshea mikono nimpe mtoto, nikampa. Alimpakata, akamshika paja, akalibonyeza kama alivyobonyeza lile harage.

"Sasa, mwanangu," aliniuliza, "mwakani nikaungame nini?"